Kinyonga wa Meru si Kinyonga wa Usambara: Jinsi Vinasaba vya Mitokondria Vinavyotambulisha Ukoo wa Mijusi

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Asubuhi za masika, ukungu unaposhuka kutoka Mlima Meru na kutanda juu ya migomba ya Ngaramtoni, si ajabu mtu anayekata majani ya ng'ombe kumkuta kinyonga amejishika kwenye tawi la ua wa shamba. Wengi humwacha alipo, kwa hofu zaidi kuliko kwa mapenzi, kwa kuwa simulizi zinazomhusisha mnyama huyu na mikosi zimeenea katika makabila mengi nchini. Wachache hukaribia na kumtazama. Anayetazama kwa makini atagundua kuwa vinyonga wa mlima huu si wa namna moja: wako ambao dume lao lina pembe mbili bapa zenye magamba mbele ya pua, na wako wengine ambao dume lao lina pembe tatu nyembamba zilizochongoka.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wataalamu wamelishughulikia kwa zaidi ya karne moja. Je, kinyonga mwenye pembe mbili wa Meru ni yuleyule anayepatikana Usambara, Uluguru na Nguru? Kwa mpita njia, swali hilo halina uzito. Kwa ofisa wa wanyamapori anayekagua kibali, au kwa mahakama inayosikiliza shauri la utoroshaji, jibu lake ndilo linaloamua ni mnyama gani sheria inamlinda na kwa kiwango gani.

Tukio la hivi karibuni linaonesha uzito huo. Mwezi Januari 2021 mamlaka za Austria zilitangaza kukamatwa kwa vinyonga 74 katika uwanja wa ndege wa Vienna. Walikuwa wamefichwa ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu katika mizigo ya abiria mmoja aliyetokea Tanzania kupitia Ethiopia. Watatu kati yao walikufa, na waliosalia walipelekwa kutunzwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Ilielezwa kuwa vinyonga hao walitolewa katika Milima ya Usambara. Maelezo hayo yanaonekana kujitosheleza, lakini hayatoshi. Usambara Magharibi ina spishi yake ya kinyonga mwenye pembe mbili, na Usambara Mashariki ina nyingine mbili tofauti. Ofisa anayetaka kuandika hati ya mashtaka kwa usahihi, au mtaalamu anayefikiria kumrejesha mnyama porini, hawezi kuridhika na jina la mkoa au la safu ya milima. Anahitaji kujua ni ukoo upi, wa mlima upi.

Kinyonga ni mjusi, ingawa mwendo wake na macho yake yanayozunguka kila moja upande wake humfanya aonekane kiumbe wa peke yake. Ndugu zake wa karibu ni wale mijusi wa miambani ambao madume yao huwa na kichwa chekundu au cha waridi na kiwiliwili cha buluu, wanaoonekana wakiota jua juu ya mawe na kuta. Kwa muda mrefu undugu wa mijusi ulipangwa kwa kutazama maumbile: idadi ya pembe, mpangilio wa magamba, umbo la meno na mifupa ya kichwa. Kwa njia hiyo, mwaka 1891 mtaalamu wa Austria, Franz Steindachner, alimtambulisha katika maandishi ya kisayansi kinyonga wa pembe mbili aliyepewa jina la Taveta, mji ulio mpakani mwa Kenya na Tanzania. Huyo ndiye anayepatikana pia Kilimanjaro, Pare Kaskazini na Mlima Meru.

Maumbile, hata hivyo, yanaweza kudanganya. Wanyama wawili wasio na undugu wa karibu wanaweza kufanana kwa sababu wanaishi maisha yanayofanana, na ndugu wa karibu wanaweza kutofautiana kwa sababu mazingira yao yametengana. Kinyonga mwenye pembe mbili ni mfano mzuri wa tatizo hilo. Jina fischeri, lililotolewa mwaka 1887, lilikuja kutumika kwa vinyonga wa milima mingi ya mashariki mwa Tanzania na Kenya kana kwamba ni spishi moja yenye matawi madogo madogo. Majina mengine yaliyotolewa mwaka 1895 na 1913 yaliwekwa kando. Ili kuyapima upya majina hayo, palihitajika ushahidi usiotegemea jicho.

Ushahidi huo umo ndani ya seli. Wananchi wengi wamesikia habari za vinasaba kupitia mashauri ya kuthibitisha uzazi, ambayo nchini husimamiwa chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na vipimo vyake hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Vinasaba vinavyotumika katika mashauri ya ubaba vimo katika kiini cha seli, na mtoto hupata nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Lakini nje ya kiini, katika seli hiyohiyo, kuna vijumba vidogo vinavyoitwa mitokondria. Kazi yake ni kugeuza chakula kuwa nguvu ya mwili. Vijumba hivyo vina vinasaba vyake vyenyewe, na mtoto huvirithi kwa mama peke yake. Baba huishia hapo alipo. Mitokondria zake hazipiti kwenda kizazi kinachofuata.

Anayewafahamu Waluguru wa Morogoro, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, ataelewa jambo hili kwa haraka kuliko Mwarusha au Mmeru ambaye jina la ukoo wake linatoka kwa baba. Mitokondria ni Waluguru wa ndani ya seli: hufuata mama, bibi mzaa mama, na mama wa bibi huyo, bila kukatika, hadi mamilioni ya miaka nyuma.

Jumla ya vinasaba vyote vya mitokondria huitwa jenomu ya mitokondria. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, jenomu hiyo ni duara dogo lenye herufi za kikemia zipatazo 16,500 au zaidi kidogo. Ya binadamu, ambayo ilisomwa yote mwaka 1981, ina herufi 16,569. Jenomu ya kiini cha mjusi, kwa upande wake, huhesabiwa kwa zaidi ya herufi bilioni moja. Duara hilo dogo lina jeni 37 tu: 13 za kutengeneza protini, 22 za vibebeo vidogo vinavyosaidia kazi hiyo, na mbili za mitambo ambamo protini huundwa. Udogo huo ni faida. Jambo jingine lenye faida ni kwamba seli moja huwa na nakala mamia au hata maelfu za duara hilo, ilhali vinasaba vya kiini huwa na nakala mbili. Ndiyo maana kielelezo kilichokaa makumbusho kwa miongo mingi, au kipande kidogo cha ncha ya mkia, bado kinaweza kutoa maandishi yanayosomeka.

Namna ya kutambua undugu kutokana na herufi hizo inafanana na kazi ambayo makarani wa zamani waliifahamu vizuri. Kabla ya mashine za kunakili, waraka uliotoka ngazi ya juu ulinakiliwa kwa mkono wilayani, kisha tarafani, kisha kijijini. Karani mmoja akikosea herufi, wote walionakili kutoka kwake walirithi kosa lilelile. Mtu akikusanya nakala za vijiji kumi na kuzilinganisha, anaweza kujua zipi zilitoka kwa karani mmoja, hata kama karani huyo alishafariki na waraka wa asili ulishapotea. Herufi za mitokondria nazo hukosewa mara chache zinaponakiliwa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na kosa likishatokea huendelea kurithiwa.

Tuseme katika nafasi fulani vinyonga wa Meru na wa Kilimanjaro wana herufi A, ilhali wa Usambara wana G. Hilo peke yake halitoshi kusema wa Meru na wa Kilimanjaro ni ndugu, kwa kuwa huenda A ndiyo iliyokuwa herufi ya asili na ni wa Usambara pekee waliobadilika. Watafiti huingiza katika ulinganisho mnyama wa nje ya ukoo, kwa mfano kinyonga wa kusini mwa Afrika au mjusi wa miambani. Akiwa na G, basi A ni kosa jipya lililotokea kwa bibi mmoja wa vinyonga wa Meru na Kilimanjaro. Kompyuta hurudia hoja hiyo kwa maelfu ya nafasi kwa pamoja, na matokeo yake ni mchoro wa matawi unaoonesha nani alitengana na nani, na kwa mpangilio upi.

Ipo pia dalili ya aina nyingine, nayo ndiyo inayovutia zaidi. Mwanamke wa Ngaramtoni anayetunga ushanga anajua kuwa mkufu hutambulika kwa rangi za shanga na pia kwa mpangilio wake. Jeni 37 zimepangwa katika duara kama shanga, na kwa wanyama wengi wenye uti wa mgongo mpangilio wake ni mmoja. Kwa vinyonga na mijusi wa miambani, jeni mbili zinazokaa jirani zimebadilishana nafasi. Kuhama kwa jeni ni tukio la nadra mno, hivyo familia mbili zinapokutwa na badiliko lilelile mahali palepale, maelezo mepesi ni kwamba zote zililirithi kwa mzazi mmoja wa kale. Dalili hii ilikubaliana na ile ya meno, kwa kuwa makundi haya mawili yana meno yaliyoota juu ya ukingo wa taya kwa namna isiyo ya kawaida kwa mijusi wengine.

Matokeo ya kazi hii kwa Tanzania yamekuwa makubwa. Mwaka 2006 watafiti Colin Tilbury, Krystal Tolley na William Branch walionesha kuwa vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki, waliokuwa wamewekwa kundi moja na vinyonga wadogo wa Afrika Kusini, si wa ukoo huo. Wale wa kusini huzaa watoto hai, hawa wa kwetu hutaga mayai, na vinasaba vikathibitisha utengano. Jenasi mpya iliundwa, na jina lake likachukuliwa moja kwa moja kutoka Kiswahili: Kinyongia. Ni nadra lugha ya Kiswahili kupata heshima ya namna hiyo katika orodha za Kilatini za dunia, na inastahili kutajwa shuleni.

Mwaka 2008 uchunguzi mwingine ulirejea swali la pembe mbili kwa kutumia maumbile pamoja na vinasaba vya mitokondria. Jina fischeri lilibaki kwa vinyonga wa Nguru na jirani zake. Majina yaliyokuwa yamelala tangu enzi za Wajerumani yalirudishwa: multituberculata kwa Usambara Magharibi, matschiei na vosseleri kwa Usambara Mashariki. Kinyonga wa Milima ya Taita nchini Kenya, ambaye awali alihesabiwa kuwa tawi la yule wa Taveta na Meru, alipewa hadhi ya spishi kamili. Kile kilichoonekana kuwa mnyama mmoja kikawa kadhaa, kila mmoja na mlima wake.

Ugunduzi haukuishia hapo. Mwaka 2009 ilitangazwa spishi mpya kutoka msitu wa Magombera, mkoani Morogoro, na Milima ya Udzungwa. Kielelezo kimojawapo kilipatikana baada ya nyoka aliyeshtuliwa na mtafiti kumwachia kinyonga aliyekuwa akimmeza. Mwaka 2015 spishi nyingine ya Nyanda za Juu Kusini ilipewa jina la msuyae kwa heshima ya Mtanzania Charles Msuya, kutokana na mchango wake katika utafiti wa reptilia na amfibia nchini. Mwaka 2022 spishi sita za vinyonga wadogo wa majani makavu zilitangazwa kwa pamoja kutoka Milima ya Tao la Mashariki. Vinyonga hao wadogo wanafanana mno kwa sura, na bila vinasaba wangeendelea kuitwa majina yasiyo yao.

Hata hivyo, ni vyema mwananchi akaelewa mipaka ya ushahidi huu. Jeni zote 37 hurithiwa kwa pamoja kama furushi moja, hivyo hata zikisomwa zote, zinasimulia historia ya akina mama tu. Shahidi mmoja akizungumza kwa saa nzima anabaki kuwa shahidi mmoja. Ikitokea dume la spishi moja limepanda jike la spishi nyingine, watoto watabeba mitokondria ya mama na historia ya baba itafichika. Kwa sababu hiyo uchunguzi mpana wa mwaka 2013, uliojumuisha sehemu kubwa ya spishi za vinyonga zinazojulikana duniani, uliunganisha jeni za mitokondria na za kiini. Uchunguzi huo ulieleza kuwa asili ya vinyonga ni bara la Afrika, na kwamba walifika Madagascar baadaye, katika safari mbili tofauti za kuvuka bahari. Awali baadhi ya wataalamu waliamini kinyume chake, yaani kuwa Madagascar ndiyo chimbuko.

Kusoma jenomu nzima ya mitokondria badala ya vipande kuna manufaa yake. Tafiti nyingi za awali zilitumia jeni moja au mbili, ambazo zinatosha kutofautisha majirani. Kwa matengano ya kale sana, herufi zilezile huwa zimebadilika mara kadhaa, kosa juu ya kosa, na kipande kifupi hupoteza kumbukumbu. Kuanzia mwaka 2008 jenomu kamili zilitumika kuchunguza historia ya kinyonga wa kisiwa cha Socotra, karibu na Pembe ya Afrika, na tangu hapo njia hiyo imepanuka.

Kwa wakazi wa Ngaramtoni, habari iliyo karibu zaidi ni ya mlima wao. Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni volkano, na ni kijana ukilinganishwa na miamba ya kale ya Pare na Usambara. Tafiti za vinasaba zinaonesha kuwa koo nyingi za Kinyongia zilitengana mamilioni ya miaka iliyopita. Hivyo kinyonga wa pembe mbili hakuweza kuanzia Meru. Alifika mlima ulipokwisha kuota msitu. Njia aliyopitia, katika tambarare kavu ambazo leo asingeweza kuzivuka, ni swali ambalo herufi za vinyonga wa Meru, Kilimanjaro na Pare Kaskazini zikilinganishwa zinaweza kulijibu.

Mwenye pembe tatu naye ana habari yake. Spishi yake ilitambulishwa mwaka 1896, na inazaa watoto hai, jambo linalofaa baridi ya milimani ambako mayai yangechelewa kuanguliwa ardhini. Mwaka 1958 Stanley Rand aliwatenga wale wa Meru kuwa tawi dogo la spishi hiyo na kuliita merumontanus, yaani wa Mlima Meru. Anapatikana hapa tu. Ndugu zake wote wako Kenya, ng'ambo ya nyanda kavu. Endapo ushahidi wa vinasaba utamwonesha kuwa spishi kamili, Tanzania itakuwa na kinyonga ambaye dunia yake yote ni mlima mmoja, na kila ekari ya msitu itakayopotea kati ya Olmotonyi na kilele itahesabika upya.

Hapo ndipo sayansi inapokutana na sheria. Tanzania iliridhia mwaka 1979 Mkataba wa Kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ujulikanao kama CITES. Mkataba huo hufanya kazi kwa majina. Kwa miaka mingi vinyonga wa pembe mbili waliosafirishwa kutoka nchini waliandikwa kwenye vibali kwa jina moja la fischeri, kana kwamba idadi iliyotolewa ilichotwa kutoka katika kisima kimoja kikubwa, wakati kwa kweli ilitoka katika visima vidogo kadhaa visivyounganika. Jina sahihi linaweza kubadili mambo. Mwaka 2016 mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, aliyekuwa akitafutwa sana na wafugaji wa nje, aliingizwa katika kundi la kwanza la mkataba huo, ambalo biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku kwa wanyama waliotolewa porini. Mwaka huohuo Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Wananchi wanakumbushwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamhusu kinyonga kama inavyomhusu tembo. Kumkamata, kumfuga kwa ajili ya kuuza au kumpa mgeni anayetaka kumnunua bila kibali ni kosa. Anayeombwa kukusanya vinyonga kwa malipo anapaswa kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji, Polisi, au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Mtafiti halali hutembea na vibali, ikiwemo kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kazi yake huratibiwa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania yenye makao makuu jijini Arusha. Mwananchi ana haki ya kuomba kuviona.

Kwa kazi nyingi za namna hii, mtafiti huyo hahitaji kuondoka na mnyama. Usiku, kinyonga anapolala na rangi yake kupauka, humulikwa kwa tochi na kushushwa taratibu. Pamba ndogo hupitishwa mdomoni mwake na kuhifadhiwa kwenye kichupa, kisha mahali, tarehe na mwinuko huandikwa. Baada ya dakika chache hurudishwa kwenye tawi lilelile.